Saa 150, 200 au 350? Jibu kwa mwalimu wa Houston mwenye vyeti viwili

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni Mkenya, nafundisha hisabati katika shule ya kati hapa Houston. Cheti changu cha ualimu cha Texas nilipewa Agosti 2021 na kinaonyesha kwamba kitakwisha 31 Machi 2027. Mwaka 2022 niliingia chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu, krediti 30, nikamaliza Mei 2024. Mwaka uliofuata nikapata cheti cha mwalimu mkuu, ingawa bado niko darasani. Sasa naambiwa cheti cha ualimu kinadai saa 150 za mafunzo na cha mwalimu mkuu saa 200. Je, natakiwa kuwa na 350? Dada yangu aliyeko Philadelphia anasema ni 180, rafiki yangu wa Chicago anasema 120. Warsha za wilaya nimehudhuria nyingi, sijui vyeti vyake viko wapi. Nyumbani nilihudhuria semina za SMASSE, zile za walimu wa hisabati na sayansi, na vyeti ninavyo. Vinaweza kunisaidia huku? Na nikichelewa itakuwaje?

JIBU: Hapana, Mwalimu, si 350. Haizidi 200. Na kwa maelezo uliyonipa, hizo 200 unazo tayari, tena na zaidi. Kilichonishtua kwenye barua yako ni kile kijisentensi ulichokipitia haraka, kwamba vyeti vya warsha hujui viko wapi. Nitakirudia, maana hapo ndipo walimu wengi wanapoumia.

Kwanza hesabu. Texas inaviweka vyeti vya shule kwenye makundi. Cheti cha mwalimu wa darasani ni kundi moja, na kinadai saa 150 za CPE, yaani elimu endelevu ya kikazi, kila baada ya miaka mitano. Mwalimu mkuu, msimamizi wa wilaya, mshauri wa wanafunzi, mkutubi wa shule na mtaalamu wa kupima mahitaji ya kujifunza wako kwenye makundi yanayodai saa 200 kwa muda huohuo. Mtu akiwa na makundi mawili, kanuni inaruhusu saa za kundi moja zihesabiwe pia kwa kundi lingine. Kwa hiyo unatimiza kile cha juu, na cha chini kinabebwa humo humo. Vilevile, ukiongeza somo au nyongeza ndani ya kundi lilelile, tuseme ukaongeza cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni juu ya hisabati, saa haziongezeki. Bado wewe ni mwalimu wa darasani, na 150 ni 150.

Sasa ile shahada yako. Kozi za chuo kikuu kilichoidhinishwa zinahesabika, na krediti moja ya muhula ni saa 15 za CPE. Krediti 30 mara 15 ni saa 450. Zote umezisoma kati ya 2022 na Mei 2024, ndani ya kipindi cha cheti chako kinachoanza Agosti 2021 na kwisha 31 Machi 2027. Hata tukiziweka pembeni warsha zote za wilaya, umeshavuka 200. Nakutana na walimu wengi waliotoka kumaliza uzamili ambao bado wanalipia kozi za mtandaoni usiku ili "wapate saa", na hakuna aliyewaambia kwamba transkripti yao imeshamaliza kazi.

Ziada lakini usiipigie hesabu. Saa 250 zinazobaki hazivuki kwenda kipindi kijacho. Tarehe 1 Aprili 2027 unaanza upya na sufuri, na safari hiyo ukiwa na cheti cha mwalimu mkuu tangu siku ya kwanza, yaani saa 200 hadi 31 Machi 2032, sawa na 40 kwa mwaka.

Kuhusu hiyo tarehe ya Machi: Texas inafunga kipindi siku ya mwisho ya mwezi uliozaliwa, na kwa cheti cha kwanza inahesabu miaka mitano kuanzia mwezi wa kuzaliwa unaofuata baada ya kupewa cheti. Ndiyo maana wewe wa Agosti 2021 umepata hadi Machi 2027 badala ya Agosti 2026. Fungua rekodi yako rasmi kwenye tovuti ya TEA (wakala wa elimu wa Texas), ile ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama akiandika jina lako, usome tarehe ya kila mstari, cha ualimu na cha uongozi. Tarehe inayokuhusu ni ile iliyoandikwa pale. Usikariri ya mwenzako.

Dada yako na rafiki yako nao hawakukudanganya. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake, na namba hazilingani hata kidogo. Pennsylvania, kwa sheria ya mwaka 1999 inayojulikana kama Act 48, inadai saa 180 kwa miaka mitano, au krediti sita za chuo. Hiyo maana yake krediti moja kule ni saa 30, maradufu ya Texas. Viongozi wa shule kule wana mpango wao wa mafunzo uitwao PIL, na saa zake zinaingia kwenye Act 48. Illinois inadai 120 kwa mwalimu. Kiongozi wa shule anayefanya kazi ya uongozi ana 100, lakini juu yake kuna kozi moja ya chuo cha mafunzo ya viongozi wa shule kila mwaka wa fedha, na kipindi chao hufungwa 30 Juni kwa watu wote, awe amezaliwa Machi au Desemba. Ukihamia mojawapo ya majimbo hayo utasoma upya kanuni zake. Ukiwa Texas, namba za Philadelphia zisikusumbue kichwa.

Na kuna ushauri mwingine wa kuuogopa, ule wa mwalimu mkongwe wa chumba cha jirani anayesema yeye hajawahi kuhangaika na CPE na bado anafundisha. Huenda anasema kweli. Waliopata vyeti vyao kabla ya Septemba 1999 wengi wana vyeti vya maisha, visivyohitaji kuhuishwa. Wewe huna hicho, na havitolewi tena.

Saa zenyewe nazo zina masharti. Angalau asilimia 80 ya shughuli zako inapaswa kugusa viwango vya cheti unachohuisha: maudhui ya somo, mbinu za kufundisha, uongozi, sheria, maadili ya kazi. Kwa mtu aliyesomea uongozi wa elimu na ana cheti cha mwalimu mkuu, kozi hizo zinaingia bila mjadala. Kisha kuna mipaka ya aina ya shughuli. Kujisomea mwenyewe, kwa vitabu au video, hakupaswi kuzidi asilimia 20. Kutoa mafunzo kwa wenzako asilimia 10. Kumlea mwalimu mpya kazini, hapo wamekuwa wakarimu, asilimia 30. Kwa saa zako 200, hiyo ni 40 za kujisomea, 20 za kufundisha wenzako na 60 za kumlea mwalimu mpya. Nakushauri ulitumie hilo la mwisho katika kipindi kijacho. Mwalimu anayetaka kuwa naibu mwalimu mkuu hana mazoezi mazuri kuliko kukaa na mwalimu wa mwaka wa kwanza, kuingia darasani kwake, kumwambia ukweli bila kumvunja moyo. Halafu kazi ambayo ungeifanya hata hivyo inakupa saa.

Kuna pia mada ambazo sheria imezitaja kwa majina. Kwa mwalimu wa darasani ni mambo kama kutumia takwimu za wanafunzi kuboresha ufundishaji, kutambua mapema dalili za mtoto anayeelekea kuacha shule, teknolojia darasani, na kufundisha wanafunzi wa asili na mahitaji tofauti. Kwa mwalimu mkuu zinaongezeka za nidhamu na uendeshaji wa shule. Mpaka wake ni robo ya saa zote, ili mafunzo yasije yakawa hayo matupu. Warsha za wilaya mara nyingi zinaligusa hili lote, na hapo ndipo hizo ulizozidharau zinapokuwa na thamani, kwa sababu huenda shahada yako haikugusa kila mada.

Kama una mwanafunzi mwenye disleksia darasani, na kwa mwalimu wa shule ya kati ni nadra kukosa, sheria inataka mafunzo yako yajumuishe utafiti na mbinu mpya za kuwafundisha watoto hao. TEA yenyewe ina mafunzo ya bure mtandaoni ya jambo hilo. Hili usilipuuze kwa sababu eti saa zimetosha. Ni sharti la aina yake.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Unapohuisha cheti Texas, hutumi kitu. Hakuna mahali pa kupakia vyeti vya warsha. Unaingia kwenye akaunti yako ya TEAL, yaani mlango wa kuingilia mifumo ya TEA, unafungua mfumo wa vyeti, unajibu maswali machache na kuthibitisha kwamba saa umezitimiza, unalipa ada kwa kadi, basi. Watu wanafanya ndani ya dakika chache wakiwa foleni ya benki. Urahisi huo ndio unaowaponza. Ile alama ya kukubali unayoibonyeza ni tamko lako kwa mamlaka inayoweza kukunyang'anya cheti, na TEA ina haki ya kukuandikia baadaye ikisema: tuonyeshe hizo saa. Siku hiyo kumbukumbu yako haisaidii, wala ya mkuu wako wa shule. Kinachotakiwa ni ushahidi wa maandishi, na wa kuutunza ni wewe. Wilaya haiwajibiki, kwa kuwa cheti ni chako.

Ushahidi unaokubalika una mambo matano: jina lako, jina la mtoa mafunzo pamoja na namba yake ya kuidhinishwa, tarehe, kilichofundishwa, na idadi ya saa. Mwalimu mmoja aliwahi kuniletea bahasha nzima ya vyeti vya warsha. Kimoja kilikuwa kizuri kweli, karatasi nzito, mpaka wa rangi ya dhahabu, jina lake kwa mwandiko wa mapambo, sahihi mbili chini. Saa hazikuandikwa. Tarehe hakuna. Namba ya mtoa mafunzo hakuna. Karibu yake kulikuwa na kipande cha karatasi kilichochapwa kwa printa iliyokaribia kuishiwa wino, kutoka kituo cha huduma za elimu cha mkoa, chenye mistari mitano tu: jina, mada, tarehe, saa sita, na namba ya mtoa mafunzo. Hicho cha printa ndicho kilichomfaa. Kile cha dhahabu angeweza kukitundika ukutani.

Ukikosa kimojawapo cha vitu hivyo, mwandikie aliyetoa mafunzo leo, kabla hawajasahau au hawajafunga ofisi. Wengi hujibu ndani ya wiki moja na kutuma kilichosahihishwa. Miaka mitatu baadaye hutampata aliyekufundisha.

Warsha za wilaya yako zipo mahali. Wilaya nyingi za Texas zinatumia mfumo wa kompyuta kuandikisha walimu kwenye mafunzo, Eduphoria ni mmoja wa hiyo, na humo kuna orodha ya kila warsha uliyohudhuria, tarehe na saa zake. Ingia, tafuta sehemu ya historia ya mafunzo, ichapishe yote kama PDF kuanzia Agosti 2021. Angalia mstari kwa mstari. Utakuta warsha ulizojiandikisha ukakaa hadi mwisho lakini mwendeshaji hakuweka alama kwamba ulihudhuria, kwa hiyo mfumo unaonyesha sufuri. Mwandikie huyo mwendeshaji akiwa bado yuko wilayani. Siku tano za mafunzo za Agosti kabla watoto hawajafungua, zikiwa za saa sita sita, ni saa 30 peke yake. Zidisha kwa miaka yako, uone unachotaka kukiacha kipotee.

Fanya hivyo kabla hujahama. Ukiacha kazi, akaunti yako ya wilaya huzimwa, mara nyingine jioni ileile ya siku ya mwisho, na historia yako ya mafunzo inabaki upande wa pili wa mlango. Unaweza kuiomba ofisi ya rasilimali watu, nao watakupa wakipata nafasi. Mimi huwaambia walimu wachukue nakala kila Juni, shule zikifungwa, waiweke kwenye barua pepe yao binafsi.

Hiyo barua pepe nayo iangalie. Ukumbusho wa TEA unatumwa kwenye anwani iliyoko kwenye wasifu wako wa TEAL. Kama ulijiandikisha kwa barua pepe ya chuo ulichosomea ualimu au ya wilaya uliyoiacha, ukumbusho unakwenda kwenye sanduku ambalo halina mtu. Na ukiwa hapo kwenye wasifu, tazama jina. Sisi wa Afrika Mashariki tuna tabia ya majina matatu: transkripti ina yote matatu, wilaya inatumia mawili, pasipoti imeyapindua, na aliyeolewa ana la nne. Hakikisha jina kwenye rekodi ya TEA linalingana na lile la kitambulisho chako, na vyeti vya mafunzo viandikwe kwa jina hilo. Hili si kosa la kukunyima cheti, ila linapokuja suala la kuthibitisha kwamba aliyesoma ni wewe, utajishukuru.

Transkripti yako, kwa vile ndiyo mzigo mkubwa wa saa zako, iagize rasmi kutoka chuoni sasa. Inaonyesha mihula, kozi, krediti na alama. Iweke pamoja na ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe: kozi hii, krediti 3, saa 45, kozi ile, krediti 3, saa 45, jumla 450. Mkaguzi akiuliza, unampa karatasi mbili na mazungumzo yanaisha.

Dirisha la kuhuisha linafunguka miezi sita kabla ya tarehe ya mwisho. Kwako hiyo ni mwishoni mwa Septemba 2026 au siku za kwanza za Oktoba. Usisubiri Machi. Machi una mitihani ya jimbo inayokukaribia, una mapumziko ya majira ya kuchipua, na una uhakika wa uongo kwamba bado kuna siku. Kwenye fomu utaulizwa mambo ya historia ya jinai, kwa hiyo alama zako za vidole ziwe tayari kwenye rekodi. Malimbikizo ya malipo ya malezi ya mtoto yanaweza kukuzuia. Mkopo wa masomo uliokushinda hauzuii tena; sheria hiyo ilifutwa mwaka 2019, ingawa utasikia watu wakitishana nao mpaka leo.

Ukichelewa? Cheti hakifutwi. Kinageuka kuwa kisicho hai. Elimu yako iko palepale, mitihani uliyofaulu iko palepale, na ukitimiza saa na kulipa ada pamoja na faini ya kuchelewa unakihuisha. Tatizo ni mkataba wako. Sheria ya elimu ya Texas, kifungu 21.0031, inasema mkataba wa mwalimu asiye na cheti halali ni batili. Hapo wilaya inaweza kukuachisha kazi, kukusimamisha, au kukuweka kwenye nafasi nyingine hadi mwaka wa shule uishe, tena bila ulinzi wa mkataba. Wilaya nyingi hazitakimbilia kumfukuza mwalimu wa hisabati Aprili, wapate wapi mwingine. Lakini kuitegemea huruma ya wilaya si mpango. Sheria hiyohiyo inakulinda kwa sharti moja zuri: ukiwa umetimiza mahitaji na umewasilisha ombi kabla ya tarehe, cheti hakihesabiwi kuwa kimekwisha kwa sababu tu ombi bado linashughulikiwa. Ndiyo maana nasema Oktoba.

Ikitokea ugonjwa mzito, wako au wa mtu wa karibu unayemhudumia, au utumishi wa kijeshi, kuna njia ya kuomba nafuu. Iombe kwa maandishi na vielelezo mapema. Usikae kimya ukitumaini wataelewa.

Semina za SMASSE. Najua zilivyokuwa: likizo ya Aprili au Agosti, walimu wa hisabati na sayansi wa kaunti nzima mmejazana kwenye bweni la shule moja, mkijadili jinsi ya kufundisha kwa vitendo pasipo vifaa. Ni mafunzo mazuri, na mengine unayoyatumia darasani leo huenda yalianzia pale. Kwa Texas lakini hayahesabiki. Kwanza ni ya kabla ya Agosti 2021, nje ya kipindi chako, na hiyo peke yake inatosha kuyatoa. Pili, CEMASTEA, kituo cha Kenya cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi, inayoyaendesha kutoka Karen, Nairobi, haiko kwenye orodha ya watoa mafunzo waliokubaliwa Texas. Usiwaombe wakuandikie barua, watajisumbua bure. Vyeti hivyo viweke kwenye wasifu wako wa kazi. Kwenye usaili wa unaibu mwalimu mkuu ni hadithi nzuri ya kusimulia, na wachache sana mezani watakuwa na kama hiyo.

Ukizungumza na wenzako wa nyumbani watakuambia kwamba nao sasa wana jambo kama hili. Sheria ya TSC (tume ya utumishi wa walimu Kenya) ya mwaka 2012, kifungu cha 35, inamtaka kila mwalimu aliyesajiliwa aendelee kujifunza na awe na cheti cha kufundisha. Mwaka 2021 TSC ikazindua mpango wa kuendeleza walimu kikazi, TPD, moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu akatarajiwa kulipa takriban shilingi 6,000 kwa mwaka. Walimu wengi walilalamikia kulipia kutoka mfukoni mafunzo ambayo mwajiri ndiye anayeyadai, na kwa maoni yangu walikuwa na hoja. Huku Texas sehemu kubwa ya saa unaipata bila kulipa, siku za kazi, ukiwa kwenye mshahara. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia kifurushi cha "saa 150 za haraka" kwa mamia ya dola, jiulize kwanza kama huzipati wilayani bure, kisha tafuta namba yake ya mtoa mafunzo. Wapo wa halali. Wapo pia wanaouza karatasi ya mpaka wa dhahabu.

Kwa mwaka huu uliobaki, saa huzihitaji. Ningekuwa wewe ningetafuta mafunzo ya AEL, yaani ya uongozi wa elimu, na baada yake yale ya kukagua walimu kwa mfumo wa T-TESS, kwenye kituo cha mkoa wako, ambacho kwa Houston ni Region 4. Hayo ndiyo shule zinayauliza zikitafuta naibu mwalimu mkuu. Uliza kwanza wilaya yako kama itakulipia, maana nyingi hulipia mtu wanayemtarajia kupanda. Wakikataa bila sababu, hilo nalo limekupa habari kuhusu nafasi yako pale.